Nta Chini ya Bolti

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na sikufukuzwa. Wanaosema huko Mtendeni kwamba Bwana Nanji amenitoa, wanasema uongo. Bwana Nanji alinisihi nibaki, akaniletea hata kiti chenye mto. Nimeacha kwa sababu ya macho. Waya mwekundu na waya wa kahawia sasa kwangu ni mapacha, na fundi wa umeme asiyewatofautisha hao wawili, iko siku atawasha moto badala ya taa. Nimeondoka kabla ya siku hiyo kufika.

Ninyi mliobaki gerejini mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu nyaya za pikipiki. Mmefanya vizuri kuniomba mimi, maana mngemwomba nani mwingine? Shule nilikaa miaka miwili kwa mapadre, nikaona inatosha. Herufi zangu zimelala huku na huku kama mihogo iliyong'olewa, lakini zitasomeka. Mambo ya mshahara na vyeo sitayagusa. Cheo changu kilikuwa Fundi Maganga, basi. Kutoka Sikonge mpaka Nzega mtu akisema, "Ipeleke kwa Maganga," hakuna aliyeuliza Maganga yupi.

Nilikuja Tabora kwa miguu, miaka kadhaa kabla ya vita, nimebeba nta kichwani. Baba yangu alikuwa mrina asali, mizinga yake imetawanyika miombo yote ya upande wetu, na kazi yangu ilikuwa kuleta nta mjini kwa wafanyabiashara. Siku hiyo nilipita mbele ya gereji ya Bwana Nanji nikaona pikipiki imefunguliwa taa ya mbele, nyaya zimening'inia kama matumbo ya kuku. Pembeni, juu ya sanduku, ameketi mzee wa Kimanyema mwenye kofia nyeupe, meno yake yakimenya waya. Huyo ndiye Mzee Feruzi, mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Alifanya kazi ya simu za nguzo tangu wakati wa Mjerumani, na alipochoka kupanda nguzo akaja kufunga nyaya za pikipiki akiwa amekaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo nta unaiuza, au umeibeba ikupe kivuli?"

"Naiuza. Lakini hiyo taa naweza kuiwasha."

Sikuwa nimewahi kushika taa ya umeme maishani mwangu. Mzee Feruzi alinitazama, akatema kipande cha mpira wa waya, akanipa betri, balbu moja na waya mmoja. "Haya, bwana mkubwa. Washa."

Nikafunga waya kutoka kwenye betri hadi kwenye kitako cha balbu. Giza. Nikageuza. Giza. Nikaipuliza balbu kama mtu anayepuliza makaa, na watu wa gereji wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

"Babu yako alikuwa mpagazi?" akaniuliza mzee.

"Ndiyo. Alikwenda pwani na pembe begani, mara tatu."

"Kama asingerudi, wewe ungekuwepo?"

"Nisingekuwepo."

"Basi na taa haipo." Akachukua waya wa pili, akaunganisha ubavu wa balbu na upande wa pili wa betri, nayo ikawaka. "Umeme ni mpagazi. Haubebi mzigo kwenda kama hauna njia ya kurudi nyumbani. Ukiuona umegoma, usiulize njia ya kwenda, hiyo kila mjinga anaiona. Uliza njia ya kurudi."

Nta niliiuza mchana ule, na kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya sanduku la pili, kando yake. Nyumbani nilirudi baada ya miezi sita, nikiwa na viatu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mnateleza. Kwenye pikipiki njia ya kurudi haionekani. Waya wa kwenda umevaa nguo nyekundu au kahawia, umepita chini ya tangi kwa madaha, kila mtu anauona. Lakini njia ya kurudi ni chuma chenyewe: fremu, injini, mabomba, vyote. Waya mfupi unatoka kwenye betri, unafungwa kwa bolti kwenye fremu, na hapo pikipiki nzima imekuwa waya. Hiyo ndiyo tunaiita ethi. Mzee Feruzi alisema kwenye simu za nguzo ilikuwa hivyo hivyo: waya mmoja juu ya nguzo, na kurudi kwake ni ardhini, chini ya miguu ya ng'ombe, na habari ilifika.

Sheria yake ilikuwa moja: chuma kwa chuma. Unakwangua rangi mpaka chuma king'ae kama jino, unakwangua pia kichwa cha waya, unafunga bolti mpaka mkono useme basi. Baada ya hapo tu ndipo unapaka grisi kwa nje, kuzuia maji. Alinirudisha kufungua bolti moja mara nne kwa sababu ya rangi ndogo kama punje ya ulezi. Nilimchukia siku ile. Leo nawaambia nanyi mrudi mara nne.

Chombo changu kikubwa nilikitengeneza mwenyewe mwaka wangu wa kwanza, na hakuna duka linalokiuza. Ni balbu ndogo niliyoichomelea nyaya mbili kwa risasi, kila waya una msumari mwishoni. Nilikiita Karani, kwa sababu kinajibu ndiyo au siyo na hakina maneno mengi kama makarani wengine. Gusa msumari huku, gusa msumari kule. Kikiwaka njia ipo, kikinyamaza njia imekatika. Nimewaachia. Msikitumie kufungulia chupa.

Mzee Feruzi alifariki wakati wa vita, nami nikabaki peke yangu kwenye nyaya. Baada ya vita zikaja pikipiki mpya kutoka Uingereza, na zingine zikaja zimegeuzwa. Za zamani zilifungwa kwenye fremu upande wa betri wenye mstari, alama ya kutoa. Hizi mpya zilifungwa upande wenye msalaba, alama ya kujumlisha. Hakuna aliyetuambia. Fundi mmoja wa mji mwingine, sitamtaja kwa sababu alikuwa na watoto, alifunga betri kwa mazoea, akaunguza vifaa vya pikipiki tatu kwa wiki moja. Mimi ya kwanza tu iliponifikia niliona mshale wa amita, ile saa ndogo juu ya taa inayoonyesha betri inakula au inaliwa, unakimbilia upande usio wake. Nikazima. Nikakaa nayo mpaka saa ya kula ikapita. Nikaigeuza betri, mshale ukatulia. Bila kitabu. Bwana Nanji aliandika barua kwa waliotuuzia, wakajibu kwamba ndivyo ilivyo siku hizi. Nikamwambia, "Waambie Maganga ameshajua."

Baada ya hapo kichwa kikanijaa kidogo. Ndipo nikabuni nta.

Mnajua kiangazi chetu kilivyo, vumbi linaingia hata ndani ya yai. Ikija masika, maji yanaingia palipoingia vumbi, na baada ya mwaka kila kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani. Grisi inaoshwa na mvua. Nami mwana wa mrina asali nikakumbuka mizinga ya baba: nta haipiti maji. Nikawa nayeyusha nta kwenye kopo, nachovya kila kichwa cha waya kizima kizima, kikipoa nakifunga mahali pake. Kilitoka kizuri, cha njano, kinanukia. Mzee Feruzi alipaka kwa nje baada ya kufunga. Mimi nilichovya kabla ya kufunga, kwa sababu ilikuwa haraka na haikuchafua mikono. Nikijaribu taa, zinawaka. Nikawatangazia watu kwamba pikipiki iliyopita kwangu haitajua kutu mpaka kiyama.

Mtu mmoja tu aliicheka nta yangu, naye ni Salumu, fundi wetu wa injini, Mzaramo aliyeletwa na reli. Ninyi mnajua Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote, na aliitumia yote.

"Mnyamwezi akipewa injini ya Mzungu, anatafuta mahali pa kuweka nyuki," alisema.

"Mzaramo akipewa nta, anaila akidhani ni samaki."

"Sawa. Siku pikipiki zikianza kutaga asali, niite."

Mwaka huo zahanati moja ya misheni ilileta pikipiki ya dresa wake, mganga msaidizi. Dresa mwenyewe aliitwa Mihayo, Mmoravia, mtu wa taratibu, anayekunja leso yake mara nne kabla ya kuirudisha mfukoni. Kila wiki aliondoka Tabora na sanduku la dawa, analala Nzega, kesho yake anafika kijiji cha Choma kuwachoma watu sindano za buba. Buba haiponi kwa sindano moja. Mgonjwa lazima achomwe wiki kwa wiki mpaka zitimie. Zikikatika katikati, vidonda vinaota upya. Pikipiki ile haikuwa ya magneto, ile inayojitengenezea cheche yenyewe. Ilikuwa ya koili, cheche yake inategemea betri. Nikaifunga nyaya zote upya, nikazichovya nta zote. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nikamwita hata Bwana Nanji atoke dukani aione.

Wiki ya kwanza Mihayo hakufika Choma. Pikipiki ilizimika njiani baada ya Nzega, akaisukuma mpaka kijiji cha mbele, alipoipiga kiki jioni ikawaka kama kawaida. Akairudisha kwangu. Nikaipiga kiki mara moja, ikanguruma. Nikawasha taa, nikapiga honi.

"Dresa, hii pikipiki ina kosa gani?"

"Fundi, kabla haijazima, ule mshale wa amita unarukaruka kama panzi, halafu unalala katikati."

"Wewe tazama barabara. Mshale niachie mimi."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika kama nilivyoyasema.

Wiki ya pili ikazima tena, karibu mahali pale pale, mchana wa jua kali. Safari hii mganga mkuu wa zahanati, Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Daktari, alikuja gerejini mwenyewe. Alizungumza Kiswahili polepole, kila neno kama amelilipia.

"Fundi Maganga. Watu wa Choma wamengoja mara mbili. Mara mbili hawakuona mtu. Kosa ni la pikipiki au la mtu?"

Mihayo alikuwa amesimama kando ya mlango na kofia mkononi. Ningeweza kusema, "Niachie niitazame tena." Lakini watu walikuwa wananitazama, na Salumu alikuwa ameinua uso kutoka kwenye injini yake, anangoja.

"Pikipiki yangu haina kosa," nikasema. "Mwendeshaji hajui kuendesha. Anaizimisha kwenye mchanga, halafu anaona aibu."

Bwana Daktari alitikisa kichwa. Akamwambia Mihayo kwamba anampa safari moja ya mwisho. Asipofika, Jumatatu pikipiki atapewa mtu mwingine wa kituo kingine, Mihayo atarudi kufagia wodi, na kituo cha Choma kitafungwa, wenye buba watembee wenyewe mpaka Nzega kama wanaweza. Wengi wao walikuwa na buba ya nyayo.

Alipoondoka, Mihayo alinisogelea. Nilidhani atanitukana, nikawa nimeandaa jibu.

"Fundi, twende wote," akasema. "Upande nyuma yangu. Nikikosea, unionyeshe nilipokosea, na mimi nitamwambia Daktari kwa mdomo wangu."

Salumu akadakia. "Nenda, mtani. Au unaogopa nyuki?"

Nikaenda. Sitaki kuwadanganya kwamba nilikwenda kwa huruma, nilikwenda kumkamata.

Tuliondoka alfajiri, sanduku la dawa limefungwa juu ya tangi, mimi nyuma na Karani wangu mfukoni. Tukalala Nzega. Siku ya kwanza nilitazama mikono yake, nilitazama mguu wake kwenye gia, nikitafuta kosa. Halikuwepo. Alipita kwenye mchanga kama mtu anayebeba mayai. Kufika Nzega nilikuwa nimeanza kukosa raha, lakini nikajiambia, bado kesho.

Kesho yake miombo iliisha, tukatokea kwenye mbuga, jua juu ya kichwa, barabara imejaa mashimo ya kwato za ng'ombe yaliyokauka. Kiti kiliunguza hata kukikalia. Nikiwa nachungulia juu ya bega lake niliona mshale wa amita. Uliruka. Ukaruka tena, kama panzi, kama alivyosema. Kisha ukalala katikati. Mihayo alipunguza mwendo kukwepa shimo, na injini ikazima pale pale kama mshumaa uliopulizwa.

Alishuka, akaisimamisha, akatoa leso akajifuta uso, akaikunja mara nne.

Nilitoa Karani. Msumari mmoja kwenye kichwa cha betri, msumari wa pili kwenye kichwa chake cha pili: ikawaka. Betri nzima. Msumari wa pili nikauhamisha kwenye fremu: giza. Nikakwangua rangi mahali pengine, nikagusa: giza. Nikakaa chini kwenye vumbi. Miaka yote ile nilikuwa nimewaambia watu waulize njia ya kurudi, na mimi mwenyewe sikuiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeifunga mimi.

Nikaifungua bolti ya ethi. Ilikuwa ya moto. Kichwa cha waya kilipotoka nilisikia harufu, na harufu ile naijua kuliko jina langu: mzinga wa baba, siku ya kurina. Chini ya bolti, kati ya kichwa cha waya na fremu, kulikuwa na utando wa nta umeyeyuka, unang'aa. Gerejini, kivulini, bolti ikiwa baridi imebana, chuma kiligusana na chuma hapa na pale, taa ikawaka, nami nikasifiwa. Juani barabarani, fremu ikipata moto na mtikisiko, nta iliyeyuka ikajipenyeza katikati na kutenga vyuma viwili. Nta haipitishi umeme kama isivyopitisha maji. Mihayo alipoisukuma mpaka kivulini, ikapoa, ikagongwagongwa, vyuma vikagusana upya, ikawaka. Pikipiki haikuwa mwongo, wala Mihayo hakuwa mwongo.

"Ni nini, Fundi?" akauliza.

Nilitaka kusema waya ulikuwa mbovu tangu kiwandani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Ni mimi," nikasema.

Nilikwangua kwa kisu na msasa mpaka chuma kikang'aa kama jino. Nikakwangua kichwa cha waya. Nikafunga mpaka mkono ukasema basi. Kiki moja, ikanguruma. Mihayo alisikiliza mlio wake kidogo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Tabora, akasema, "Panda, tumechelewa."

Choma tulifika alasiri. Walikuwa wameketi kwenye kivuli cha nyumba ya mwanangwa, mkuu wa kijiji, na wengi walikuwa wameshaondoka. Mama mmoja alikuwa anamfunga binti yake mgongoni ili aende zake. Binti mkubwa, mwenye umri wa kutembea, lakini nyayo zake zimepasuka vidonda. Mama alipotuona alimteremsha tena.

"Wiki ile tulikuja, tukarudi," alimwambia Mihayo. "Wiki iliyofuata tukaja, tukarudi. Leo nilisema nisiposikia mlio mpaka jua lifike pale juu ya boma, siji tena." Akanitazama mimi, nilivyojaa vumbi. "Na huyu ni nani?"

"Huyu ni fundi, mama."

"Ndiye aliyeitengeneza pikipiki?"

Mihayo akanitazama kidogo. "Ndiye."

"Ahsante, baba," akaniambia mama yule, akapiga goti kama tunavyosalimu. "Mungu akuzidishie."

Nimesifiwa mara nyingi maishani, na mengi ya sifa hizo nilistahili. Ile ndiyo pekee niliyoshindwa kuipokea. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifanya natazama tairi.

Tulipokuwa tunarudi tulipumzika Nzega. Hapo Mihayo akasema, "Fundi, Jumatatu utamwambiaje Daktari?"

"Sijui. Tumefika Choma. Si ndicho alichotaka?"

"Alitaka kujua kosa ni la nani. Akidhani nimebahatika tu safari moja, na neno lako bado lipo pale, sitakaa muda. Lakini siwezi kukulazimisha."

Na hakunilazimisha. Usingizi ndio ulionikataa. Nikahesabu pikipiki nyingine nilizozichovya nta tangu nianze: kumi na moja, ziko njiani, kwa watu wanaoniamini, na huenda kila moja ina mwendeshaji anayeitwa mwongo mahali fulani.

Jumatatu asubuhi tulikutana barazani kwa Bwana Daktari. Bwana Nanji alikuwepo, kwa sababu gereji ilikuwa yake. Salumu naye alikuwepo, alikuwa ameitwa tangu mapema kukagua injini, endapo pikipiki ingepewa mtu mwingine. Nilikuwa nimetumaini hatakuwepo.

"Mmefika Choma," alisema Bwana Daktari. "Vizuri. Lakini mara ya kwanza na ya pili? Wewe ulisema dresa hajui kuendesha."

"Anajua kuendesha kuliko mtu yeyote niliyepanda nyuma yake," nikasema. "Mimi ndiye nisiyejua kufunga. Niliweka nta mahali pa chuma. Pikipiki ilizima kwa sababu yangu, mara zote mbili, na mara ya tatu nikiwa juu yake. Watu wa Choma waliningoja mimi."

Bwana Nanji alifumba macho. Bwana Daktari aliitazama mikono yangu.

"Miaka mingi nipo nchi hii," akasema. "Fundi akisema kosa ni lake, sijapata kumsikia."

"Hujapata kwa sababu hukuwa umekutana na mimi, Bwana Daktari," nikamjibu. Ilinitoka yenyewe. Mihayo alicheka mpaka akaitoa leso, na safari hii hakuikunja.

Pikipiki ilibaki kwake, na Choma haikufungwa. Salumu hakusema kitu pale barazani, nami nikashukuru, nikadhani ameniheshimu. Kumbe alikuwa anatunza. Tulipofika gerejini, nikiwa nimeshamtajia idadi ya zile nyingine, alipanda juu ya sanduku la Mzee Feruzi na kutangaza kwa sauti ya mpiga mbiu: "Jamani! Leo asali imeiva! Mtani wangu amerina pikipiki ya dresa, zimebaki kumi na moja!" Akaniita Bwana Nta mwaka mzima. Lakini alipomaliza kutangaza alishuka, akachukua spana yake, akasema, "Haya, tuanze na ipi?" Tulizisaka zote kumi na moja, Sikonge, Urambo, Nzega, tukafungua bolti kwa bolti. Nne kati ya hizo wenyewe walikuwa wameshaanza kuzilaumu au kuwalaumu wanaoziendesha. Salumu hakuwa fundi wa nyaya, na hakukosa hata siku moja.

Tangu siku hiyo mpaka macho yaliponishinda, sikutoa pikipiki gerejini bila kufungua bolti ya ethi na kupitisha kucha ya kidole gumba chini yake. Kucha haihitaji kujua rangi. Chuma kitupu kinakwaruza. Rangi, kutu na nta vinateleza. Fanyeni hivyo hivyo. Kopo la nta liko juu ya rafu ya pili, bado ni dawa bora ya mvua kuliko grisi yenu. Ipakeni kwa nje, baada ya kufunga. Chini ya bolti pawe chuma kwa chuma.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa nakusanya vyombo vyangu, Mihayo akapita. Mvi zimemwingia sasa, na pikipiki ni ile ile, sanduku la dawa juu ya tangi. Hakushuka. Alipiga honi mara mbili pale mlangoni.

"Fundi! Ipitishe kucha kabla sijaondoka."

"Macho yangu yamekwisha, Dresa."

"Nani amekuomba macho?"

Nikapiga magoti, nikalegeza bolti, nikapitisha kucha. Ikakwaruza. Nikaifunga mpaka mkono ukasema basi.

"Wa Choma wanakusalimu," akasema, akapiga kiki mara moja. Nikasimama barabarani, mkono umejaa vumbi, nikaisikiliza ikipita sokoni, ikavuka reli, ikashika njia ya Nzega. Nilisikiliza mpaka sikuisikia tena. Ilififia tu, haikukatika.